Shajara ya banda la Walukuba: walimu wanne, somo moja

Januari 18

Banda tumelipata. Lilikuwa karakana ya seremala, upande wa Walukuba, hapa Jinja, unaoshukia Masese, na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ametuombea kwa mwenye nalo tulitumie bila kodi hadi mwisho wa Mei, mradi tulifagie na pasiuzwe pombe. Paa linavuja pembe moja. Sakafu ni saruji tupu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana mimi ni mtu wa judo, na judo huanza na kuanguka.

Walimu tuko wanne. Afande mstaafu aliwahi kuwa bondia wa timu ya polisi, na mpaka leo anaruka kamba uani kwake kabla ya jua kuchomoza. Wa pili ni mwalimu wa karate aliyetoka Bukavu; aliingia Uganda akiwa mkimbizi, sasa anashona viatu sokoni. Wa tatu ni kijana wa bodaboda kutoka Mukono aliyekulia kwenye ekigwo, mieleka ya Waganda. Hajawahi kusoma kwenye ukumbi wowote, lakini ukimshika kiunoni utadhani umeshika nguzo ya umeme. Wa nne ni mimi.

Tunachotaka: kufikia mwisho wa Mei, watu thelathini wa mtaa huu wajue kujinasua wanaposhikwa, wajue kuanguka bila kuvunjika, na wafike nyumbani. Mabingwa wa mashindano watatoka kwingine.

Tutafundisha kwa Kiswahili. Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi. Nyumba zake nyingi ni za miaka ya 1950, enzi za bwawa la Owen Falls na viwanda vilivyofuata umeme. Kwenye kibaraza kimoja utasikia Kisoga, Kiacholi, Kilugbara na Kisamia, na watu hao wote wakitaka kuelewana haraka wanageukia Kiswahili.

Januari 25

Siku nzima tumetengeneza mkeka. Fremu ya mbao, ndani unga wa mbao wenye kina cha kiganja na nusu, juu turubai la lori lililovutwa na kufungwa kamba pande zote nne. Njia hii wanamieleka wasio na fedha wanaijua siku nyingi.

Unga wa mbao tumepewa bure na maseremala. Ubaya wake ni misumari. Kijana wa bodaboda alileta sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaifunga kwenye ufito, akawa anaipitisha polepole juu ya kila gunia kabla ya kulimwaga, halafu analikoroga na kuipitisha tena. Kwenye magunia kumi na sita tumetoa misumari na pini arobaini na tatu. Nimezitia kwenye kopo na kulitundika mlangoni, ili kila anayeingia ajue mkeka huu umekaguliwa.

Afande alikuwa wa kwanza kuujaribu. Aliketi, akalala chali, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Hapa mtoto anaweza kuanguka."

Februari 1

Mkutano wa walimu. Afande ameuliza sanaa yetu inaitwaje, watu wasije wakasema tunafundisha vijana fujo. Nikawasimulia habari za kajukenbo, sanaa ya kujilinda iliyochanganywa kutoka sanaa kadhaa.

Ilikuwa 1947, mtaa wa Palama mjini Honolulu, Hawaii. Ulikuwa mtaa wa makabwela wa kila asili, na ugomvi wa barabarani ulikuwa jambo la kawaida. Watu watano wakakubaliana kufanya mazoezi pamoja. Peter Choo alikuwa na karate ya Kikorea, Frank Ordonez jujitsu, Joe Holck judo, Adriano Emperado kenpo pamoja na eskrima, yaani fimbo na kisu vya Kifilipino, na Chang alikuwa na ndondi za Kichina. Walishambuliana kwa nguvu, kila mmoja akitafuta tundu kwenye sanaa ya mwenzake, na tundu likionekana lilizibwa kwa ujuzi wa mwingine. Ndiyo maana ya jina: ka ya karate, ju ya judo na jujitsu, ken ya kenpo, bo ya boksingi ya Kichina. Vita vya Korea vikawatawanya, Emperado akabaki akifundisha Palama. Na sanaa yenyewe haikufungwa kufuli. Mwaka 1969 mwanafunzi wa ukoo huo, Al Dacascos, alianzisha Wun Hop Kuen Do, na tawi hilo linahesabiwa ndani ya kajukenbo mpaka leo.

Fundi wa Bukavu alisikiliza kwa makini. Akauliza, "Hao watano, nani alikuwa mkubwa?" Nikamwambia ninavyofahamu, walianza wakiwa sawa. Akatikisa kichwa kukubali. Naona swali lake lilikuwa juu yetu sisi.

Niliyaandika haya pia kwenye karatasi ya mlangoni: hatutoi mikanda ya kajukenbo, na hakuna kati yetu aliyefunzwa na mtu wa ukoo huo. Tunachoazima ni ile namna yao ya kukaa pamoja. Jina letu ni Mazoezi ya Banda, basi.

Februari 8

Watu thelathini na wanane. Wanawake kumi na watano. Nimefurahi mno.

Februari 15

Somo la pili, na tayari naona kasoro kubwa. Tuligawana saa mbili: nusu saa ya ngumi kwa Afande, nusu saa ya mateke na kukinga kwa fundi, nusu saa ya ekigwo, nusu saa ya kuanguka kwangu. Kila kipande kilikwenda vizuri. Mwishoni nikamwomba kijana wa bodaboda apite katikati ya watu na kumshika mkono yeyote kwa ghafla.

Alimshika msichana anayeuza muda wa maongezi pale stendi, mwepesi wa ngumi kuliko wote siku ya leo. Msichana aliganda. Hakurusha ngumi, hakuvuta mkono, alinigeukia tu na kuniuliza kwa dhati kabisa, "Mwalimu, hapa natumia ya nani?"

Tumewapa sanaa nne na wao wamezipanga kwenye rafu nne. Mtu aliyeshikwa mkono gizani hana muda wa kuchagua rafu.

Februari 22

Tumepangua ratiba yote. Kuanzia leo somo linaanza na shambulio, moja kwa siku. Leo: ameshikwa nguo kifuani, kwa Kiswahili cha mtaani, amekwidwa. Kila mwalimu anaonyesha jibu lake, wanafunzi wanalijaribu kwa mwenzao anayekataa kwelikweli, na linalobaki ni lile lililofanya kazi kwa watu wengi wa maumbo mengi. Kajukenbo nayo hupanga masomo kwa namna hiyo: ya kushikwa, ya ngumi, ya kisu, ya rungu. Niliusimulia mpango huo tarehe 1 na bado sikuutumia.

Jibu lililobaki kwa kukwidwa lina vipande vya wote wanne. Unabana mikono ya mshambuliaji kifuani kwako ili isirudi kukupiga (judo), kiganja cha mkono mwingine kinasukuma kidevu chake (karate), mguu unazunguka pembeni usimame nje ya mstari wake (ndondi), na akijaribu kukurudia unamwangusha kwa uzito wa nyonga (ekigwo). Mwanafunzi halioni kama vitu vinne. Kwake ni kitu kimoja.

Kulikuwa na gharama. Mateke ya juu ya fundi hayakupita hata moja. Kwenye mkeka wa unga wa mbao, aliyesimama kwa mguu mmoja anaangushwa kila mara. Aliyaondoa mwenyewe. Halafu akatuambia, taratibu, kwamba kata anayoipenda, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, alifundishwa na baba yake uani kwao Bukavu, na kwamba kuiacha ni kama kuacha kuzungumza lugha ya nyumbani. Tumeamua dakika kumi za mwisho za kila somo ziwe zake, kwa anayetaka. Waliobaki leo ni watu tisa, mimi mmoja wao.

Afande naye hakuridhika nilipopiga marufuku kuchoma macho na kupiga koo wakati wa majaribio. "Lakini barabarani ndiyo yanayookoa," alisema. Nikamweleza habari ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882. Alichukua jujitsu ya zamani, akaviweka kando vile ambavyo huwezi kuvifanya kwa nguvu zote bila kumlemaza mwenzako, akaviacha vibaki kwenye kata. Kwa kupunguza hivyo, wanafunzi wake waliweza kushindana kila siku kwa nguvu zao zote, na anayeshindana kila siku na mtu anayekataa anajifunza jambo ambalo mbinu ya siri haiwezi kumpa. Afande alifikiri kidogo. Kwenye ndondi pia, akasema, hakuna anayepigwa chini ya mkanda, na bado John Mugabi alirudi na medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Moscow mwaka 1980. Tukaelewana.

Machi 1

Ramadhani imeingia. Tumehamia saa moja asubuhi, na waliofunga wanakaa kando kusahihisha wenzao. Nimegundua aliyekaa kando anaona mengi. Leo mfungaji mmoja ndiye aliyetuonyesha kwamba wote tunainua visigino kabla ya kusukuma.

Kazi kubwa ya wiki hii imekuwa majina. Nimeacha kusema osoto-gari, jina la Kijapani la mtupo wa judo wa kukata mguu. Kila nilipolitaja, watu walilitamka, wakacheka, wakalisahau. Kumbe lugha yetu ina msamiati mzima wa kupigana, na upo midomoni mwa watu tayari. Kukata mguu wa mtu ni ngwala. Kushikwa shingo kwa mkono kutoka nyuma ni roba, na hakuna mtu Walukuba anayehitaji kuelezwa roba ni nini. Shingo ikibanwa kwapani kutoka pembeni, tumekubaliana iitwe kabali, ingawa wengine mitaani wanayachanganya. Kukwidwa tayari tunako. Kumbwaga mtu kwa nyonga tumeacha liitwe ekigwo, kwa heshima ya mwenye nalo.

Tofauti ilionekana papo hapo. Nikipaza sauti "Roba!", mwili wa mwanafunzi unajikunja kabla hajafikiri, kwa sababu neno hilo analiogopa tangu utotoni. Hofu hiyo sikuitengeneza mimi. Nimeikuta, na sasa inafundisha pamoja nami.

Machi 8

Mvua. Pembe inayovuja imelowesha unga wa mbao. Tumeuanua juani siku mbili na kuupitishia sumaku upya.

Machi 15

Leo nimemvunja mtoto wa watu.

Ni kijana wa S3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, mwepesi, mwenye bidii kuliko wote. Alikuwa amekosa masomo mawili kwa ajili ya mitihani ya shule, yote mawili ya kuanguka. Nilijua. Nilimpanga na mwenzake kwa ajili ya ekigwo kwa sababu idadi ilikuwa witiri na niliona haya kumkalisha kando. Alipobwagwa alitoa mkono wa kulia, ukanyooka kuiwahi sakafu kabla ya mwili. Nilisikia mlio nikiwa upande wa pili wa banda. Mtulinga.

Jirani alitoa gari. Daktari amemfunga mkono shingoni na kusema utaunga, wiki nyingi bila kubeba kitu.

Jioni nilikwenda kwa bibi yake anayemlea. Nikaamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha mahali pa kukaa kwenye mkeka. Aliniacha nieleze yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikupa mtoto mzima."

Sikuwa na jibu na sikutafuta. Nimelipa gharama za hospitali, na nimemwomba ruhusa ya kuja kila Jumapili kumsaidia maji na kuni, kazi za mjukuu wake. Amekubali.

Machi 22, 29, Aprili 5

Masomo matatu ya kuanguka tu. Walimu wote wanne tumeanguka pamoja na wanafunzi, Afande akiwa na miaka yake sitini na tatu.

Kwa anayetaka kufundisha, hivi ndivyo tunavyopanda ngazi. Kwanza unalala chali, kidevu kifuani, unatazama mkanda wako, unapiga mkeka kwa mikono yote miwili, kuanzia kiganja hadi kiwiko, nyuzi arobaini na tano kutoka mwilini. Mkono unaupiga mkeka, hauuegemei; humo ndimo mtulinga ulimovunjikia. Halafu unafanya hivyo kutoka kuchuchumaa, kisha kutoka kusimama, kisha pembeni, kisha mwenzako anakuvuta taratibu huku amekushika mkono wa juu. Kila anayekubwaga ana wajibu wa kukushikilia mpaka uguse chini.

Sheria mpya imebandikwa mlangoni, chini ya kopo la misumari: hakuna anayembwaga mtu ambaye hajapigiwa tiki tatu za kuanguka na walimu wawili tofauti. Daftari la tiki liko kwangu na sitalikopesha hata kwa saa moja.

Watu saba wameacha. Walikuja kujifunza kupiga.

Aprili 12

Siku ambayo nitaikumbuka muda mrefu.

Somo lilikuwa roba. Jibu langu la judo ni kumbeba mshambuliaji mgongoni na kumtupa mbele. Kuna mama anayenunua mukene, yaani dagaa, Masese na kuuza sokoni, amepita hamsini, goti lake la kushoto limeharibika. Alikuja kwetu kwa sababu Desemba alipigwa roba akirudi jioni na pesa za mauzo zimefungwa kwenye leso. Alijaribu mtupo wangu mara tatu. Goti likakataa mara tatu. Nilikuwa karibu kumwambia apumzike.

Akasema, "Baba, ngoja nikae."

Kijana wa bodaboda akampiga roba kwa nguvu zake kamili, kama mama mwenyewe alivyomtaka. Mama aliingiza kidevu kwenye kunjo la kiwiko, akaning'inia kwa mikono yote miwili kwenye ule mkono, kisha akaketi. Aliketi hewani kama anavyoketi kwenye kigoda chake anapochagua dagaa, makalio nyuma na kando kidogo, magoti wazi, uzito wote chini kwa ghafla. Kijana akavutwa mbele, mgongo ukapinda, na mama akampelekea kiganja kwenye kinena, polepole kwa hisani. Mkono ulipolegea aligeuka ndani na kuchomoa kichwa. Goti halikujipinda zaidi ya linavyojipinda kila siku sokoni.

Tuliomba arudie. Akarudia kwa Afande, akarudia kwangu. Mimi nina kilo themanini na sita, na nilihisi nimefungwa gunia la mchele kwenye mkono.

Tumejaribu watu wote, na kigoda, maana ndilo jina lake sasa, kimefanya kazi kwa wengi kuliko mtupo wangu: wafupi, wanene, wenye mimba changa, wazee. Kimekuwa jibu la kwanza la roba. Mtupo umebaki jibu la pili, kwa wanaouweza. Nimefundisha judo miaka mingi nikidhani mwili ndio unaoifuata mbinu, na niliyemwona leo alianza na mwili wake mwenyewe, pamoja na ubovu wake, akaitafuta mbinu humo ndani.

Aprili 26

Kisu. Somo fupi na gumu kuliko yote.

Tulipaka vijiti vumbi la mkaa na kuwavalisha wanafunzi fulana nyeupe. Kazi: mzuie mwenye kijiti kwa sekunde ishirini. Baada ya nusu saa tuliwapanga mstari. Hakuna fulana iliyobaki safi, na ya kwangu ilikuwa na mistari mitano, mmoja shingoni. Hapakuwa na haja ya maneno mengi. Tunafundisha kutoa simu, kuitupa upande mmoja na kukimbilia upande mwingine, na kuweka kitu katikati: pikipiki, kiti, beseni. Kupambana na kisu kwa mikono mitupu ni kwa aliyezibiwa njia zote.

Mei 3

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kupiga kelele. Msichana wa muda wa maongezi akapaza sauti, "Mwizi!", na vijana watatu waliokuwa wanapita nje wakaingia mbio, mmoja ameshika tofali.

Tulisimamisha somo. Sote tumeona neno hilo linavyoita umati, na umati ukishafika hausikilizi. Sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari. Mtu aliyelala chini haleti hatari tena, na anayempiga akiwa chini ndiye atakayejibu mahakamani. Afande alizungumza kwa muda mrefu kuhusu miili aliyoikuta akiwa kazini. Sitaiandika hapa.

Kelele yetu sasa ni "Niache! Nisaidieni!" Tumeirudia mpaka sauti zikakauka.

Mei 24

Jaribio la mwisho. Watu ishirini na saba kati ya wale thelathini na wanane. Kila mmoja dakika mbili, macho yamefumbwa mpaka ashambuliwe, mwalimu yeyote anashambulia kwa namna yoyote kati ya zile tulizofundisha. Tulihesabu kitu kimoja: umefika mlangoni au hukufika. Waliofika ni ishirini na mmoja. Sita tutaendelea nao.

Nilimwangalia sana msichana wa stendi. Fundi alimshika mkono, kisha akamkwida, kisha akamzungukia na kumpiga roba, yote kwa pumzi moja. Hakunitazama hata mara moja.

Mei 31

Mwenye banda ameturuhusu hadi Desemba. Turubai linahitaji kiraka pande mbili, na mama wa mukene amekubali kuwa mwalimu wa tano.

Kijana wa S3 amerudi, daktari amemruhusu. Bibi yake alikuja naye, akapewa benchi karibu na mlango, chini ya kopo. Nilimlaza kijana chali, nikamwonyesha mkono upya, kutoka mwanzo kabisa, kisha kuchuchumaa, kisha kusimama. Alipoanguka mara ya kwanza kutoka kusimama, mkono wake wa kulia uliupiga mkeka kwa mlio mmoja safi.

Nikamgeukia bibi. Alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Tena," akasema.

Alianguka mara kumi na mbili. Bibi ndiye aliyekuwa anahesabu.